Somo Lipo, Soko Liko Wapi?

 

Leo nataka tuwazungumzie watoto wetu walioko vyuo vikuu na biashara wanazoanzisha huko. Siku hizi vyuo vingi nchini Kenya vina somo la ujasiriamali, vina kituo cha kulea biashara changa, na vina mashindano ambapo vijana husimama mbele ya waamuzi wakaeleza mawazo yao kwa dakika chache, na mshindi akakabidhiwa hundi huku akipigwa picha. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua kituo chake cha Chandaria mwaka wa 2011. Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na C4DLab mwaka wa 2013. Strathmore nayo ina iBizAfrica. Huku kwetu Nakuru, Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro kiliteuliwa mwaka wa 2016, pamoja na Chuo Kikuu cha Gulu cha Uganda, kuendesha mpango wa miaka minane wa RUFORUM, ule muungano wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Makerere. Mfadhili alikuwa Mastercard Foundation. Nia ilikuwa kwamba mhitimu wa kilimo atoke chuoni akiwa na uwezo wa kuanzisha kazi yake na kuwaajiri wengine.

Ni jambo jema, na nalisema kwa moyo mweupe. Swali langu ni moja tu: picha ikishapigwa na hundi ikishatolewa, yule kijana anaenda wapi na biashara yake?

Tuchukue mfano. Kijana wa mwaka wa tatu anasomea sayansi ya vyakula. Amepanga chumba Njokerio, mtaa wa wanafunzi ulio kando ya Egerton. Jioni ananunua lita kumi za maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe wawili. Anayapasha kwa gesi hadi yapite nyuzi 85, kisha anasubiri yapoe hadi nyuzi 43 hivi, kwa kuwa alifundishwa darasani kwamba yakiwa moto kupita hapo bakteria wa kugandishia watakufa, na yakiwa baridi hawatafanya kazi. Anawatia bakteria wake, anafunika sufuria kwa blanketi, na baada ya saa tano hivi yogati imeshika. Asubuhi anaongeza sukari na ladha ya stroberi, anapakia katika vikombe vidogo na kupeleka mabwenini. Saa sita mchana haijafika, vikombe vimekwisha na pesa zimeingia kwa M-Pesa.

Hapo somo limefanya kazi yake. Kijana anajua maziwa, anajua hesabu, na ana wateja wanaomrudia. Anaingia mashindanoni, anashinda.

Sasa anataka kuuza Nakuru mjini. Mwenye duka anamwuliza: alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, iko wapi? Bodi ya Maziwa nayo inataka leseni. Afisa wa afya ya umma anataka kuona mahali pa kutengenezea: sakafu inayooshwa, maji ya mfereji, mfumo wa kutoa maji machafu, na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula. Kaunti inataka kibali cha biashara. Duka kubwa linataka kila kikombe kiwe na msimbo wa mistari unaosomwa na mashine, na likishapokea bidhaa huenda likalipa baada ya miezi miwili au mitatu. Masharti haya yana maana yake, kwa sababu maziwa machafu huua watu, na mimi sitaki yalegezwe. Lakini chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi hakiwezi kuyatimiza, na hundi ya mashindano haitoshi kujenga chumba kingine. Kijana anahitimu. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inaanza kudai mkopo wake. Anafunga sufuria zake, anarudi nyumbani na kuanza kutuma barua za kutafuta kazi.

Wengi wetu tukimwona kijana huyo tunasema hakuwa na bidii, au vijana wa siku hizi wanataka vya haraka. Mimi nasema tumtazame tena, na tuitazame historia ya Bonde hili letu la Ufa, maana limewahi kuwainua watu wanaoanza kutoka mwanzo, na limetuachia somo.

Mwaka wa 1903, Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipewa ekari 100,000 kule Njoro. Mwaka uliofuata, kwa mkataba wa 1904, Wamaasai wakaondolewa sehemu hii ya bonde. Delamere alileta kondoo, wakafa kwa wingi kwa sababu nyasi za pale zilikosa madini. Akaleta ng'ombe wa kigeni, magonjwa yakawavamia. Akapanda ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Mtu wa kawaida angefilisika mara ya kwanza na habari yake ingeishia hapo. Yeye alikuwa na mali Uingereza ya kuweka rehani, alikuwa na serikali ya kikoloni nyuma yake, na alikuwa na ardhi tele ya kufanyia majaribio. Alipoanguka, akainuka na kujaribu tena. Mwaka wa 1908 ikaanzishwa kampuni ya kusaga ngano, ile tunayoijua hadi leo kwa jina la Unga.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, na mzingatie miaka. Walowezi wafugaji wakaanzisha ushirika wa maziwa wa KCC mwaka wa 1925 huko Naivasha, ili maziwa yao yapate mnunuzi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, chama cha wakulima cha KFA kikashika mizizi hapa Nakuru mjini kikiwauzia nafaka zao na kuwaletea pembejeo, na mzunguko wa barabara ulio pale unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka wa 1927, kituo cha kuzalisha mbegu za ngano zinazostahimili kutu kikawekwa Njoro, nacho sasa kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Mwaka wa 1931, ikaja Benki ya Ardhi ya kuwakopesha. Halafu mwaka wa 1939, mlowezi mwingine, Lord Maurice Egerton, akatoa ekari 740 ili ijengwe shule ya kilimo ya kuwaandaa vijana wa Kizungu. Shule hiyo ndiyo Egerton ya leo.

Mmeuona mpangilio huo? Shule ilikuja mwisho. Kijana wa mlowezi alipotoka Egerton na cheti chake alikuta ardhi ipo, mbegu zimeshafanyiwa utafiti, benki inamngoja, kiwanda kinanunua maziwa yake, na chama kinauza ngano yake. Kilichobaki kwake kilikuwa kufanya kazi.

Yote hayo yalijengwa juu ya dhuluma, na sharti tuseme hivyo bila kumung'unya maneno. Waafrika waliishi katika mashamba hayo kama maskwota, wakilima na kukamua kwa ujira mdogo, na watoto wao hawakukubaliwa katika shule ile hadi ukoloni ulipokuwa ukingoni. Egerton ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1986, na mwaka wa 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Leo wajukuu wa maskwota wale wanakaa katika madarasa yale, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini tulichowapa ni darasa. Kijana wa leo anapata mafunzo bora kuliko yaliyotolewa mwaka wa 1939, kisha akitoka langoni hakuna anayemngoja. Akienda kukopa anaulizwa hati ya shamba, na hati iko kwa jina la babu aliyefariki zamani. Akitafuta kiwanda cha kusindika anakuta kila mtu anajitegemea. Tumechukua kitu kilichokuja mwisho, tukakifanya cha kwanza na cha pekee, halafu tunashangaa kwa nini biashara zinakufa changa.

Kuna anayeweza kuniambia: mbona Nakuru imezaa wafanyabiashara wakubwa bila chuo chochote? Ni kweli. Nakumatt ilitokana na duka la magodoro la hapa Nakuru. Tuskys na Naivas zote zina mizizi katika maduka madogo ya Rongai. Lakini hebu tutazame duka la familia linampa nini anayeanza. Linampa rafu ya kuwekea bidhaa, linampa wateja wanaomjua baba yake, linamsamehe akikosea hesabu, na linampa miaka kumi ya kusimama nyuma ya kaunta kabla ya kufungua tawi la pili. Familia ndiyo iliyokuwa kituo cha kulea biashara. Mtoto wa mkulima wa nusu ekari kule Kuresoi hana duka hilo. Kama chuo hakitasimama mahali pa familia hiyo, nani atasimama? Na tukumbuke pia kwamba Nakumatt na Tuskys zilipoanguka, zilianguka na madeni ya wauzaji wadogo waliokuwa wakizipelekea bidhaa. Kwa hiyo kumpata mnunuzi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mnunuzi anayelipa kwa wakati.

Tutazame mfano mwingine wa kile kinachomzunguka anayeanza. Huku Naivasha tunayo kampuni ya Sanivation. Inachukua kinyesi cha binadamu, inakitibu kiwe salama, inakichanganya na mabaki mengine na kutengeneza makaa ya kuchoma. Waanzilishi wake walisoma Georgia Tech, Marekani. Sanergy ya Nairobi, ambayo nayo ilianzia kwenye tatizo la vyoo, ilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha MIT, karibu na Boston, huko huko Marekani. Sina kinyongo nao, wamefanya kazi ya maana kwa watu wetu. Ila inanichoma kufikiri kwamba kijana aliyezaliwa katika mitaa duni ya Mukuru kule Nairobi au Karagita kule Naivasha, anayelijua tatizo la choo kwa kuliishi, huenda alikuwa na wazo hilo hilo. Tofauti iko katika kilichomzunguka yule wa Boston au Atlanta: wafadhili wenye subira, watafiti wa kushauriana nao, na miaka ya kujaribu na kukosea bila ya kulala njaa.

Hata hivyo nisiwanyime haki wanaofanya vizuri. Egerton imekuwa na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wakakae na wakulima wadogo mashambani, kama ambavyo Gulu nao wamefanya. Katika mpango ule wa RUFORUM, Egerton ilifanya kazi na wakulima wa viazi wa kaunti hii kuhusu mbegu bora. Hilo nalipenda sana, na nitawaambia kwa nini. Mwanafunzi akikaa wiki chache na mkulima wa Molo au Mau Narok atayaona mambo ambayo hakuna mhadhiri atakayemwonyesha. Ataona dalali akifika shambani na gunia lililoshonewa kilemba juu, lile watu wanaloliita mukorino, wakati sheria inataka viazi vifungwe kwa kilo zisizozidi 50. Ataona mkulima akikubali, kwa sababu viazi vimeshachimbwa, mvua inakuja, na ghala hakuna. Mwanafunzi huyo akirudi chuoni, wazo lake la biashara litakuwa na miguu. Hatatengeneza programu ya simu ya kumwambia mkulima bei ya soko, kwa maana mkulima anaijua bei. Atafikiria ghala la baridi, au mizani, au lori la kuwakusanyia wakulima kumi viazi vyao.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na yote yanawezekana bila kumsubiri mfadhili kutoka ng'ambo.

La kwanza, chuo kiwe mteja wa kwanza. Tangu mwaka wa 2013, sheria za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chuo kikuu cha umma ni taasisi ya umma. Kinalisha maelfu ya watu kila siku: mayai, mkate, viazi, sukuma wiki, maziwa. Kinanunua sabuni, kinachapisha karatasi, kinashona majoho ya mahafali. Kwa nini vikundi vya wanafunzi na wahitimu wake visipewe sehemu ya kazi hiyo, kwa mkataba, kwa masharti yale yale ya ubora, na malipo yakatoka ndani ya siku 30? Agizo moja la kila wiki la mayai trei hamsini lina faida kubwa kuliko tuzo kumi, maana mwenye mkataba mkononi anaweza kukopa, kupanga na kuajiri.

La pili, mitambo ifunguliwe. Ndani ya Egerton kuna Guildford Dairy Institute, kiwanda cha maziwa chenye vifaa vya kusindika. Vyuo vingine vina viwanda vya kuoka mikate, karakana na maabara. Yule kijana wa Njokerio hahitaji kujenga kiwanda. Anahitaji saa chache kwa wiki katika kiwanda kilichokwisha kukaguliwa, alipie maji na umeme, na mtaalamu awe karibu kumsimamia. Chuo kikae chini na KEBS, Bodi ya Maziwa na idara ya afya ya kaunti waandike utaratibu wa wazi, ili bidhaa inayotengenezwa humo na wanafunzi iweze kupata idhini ya kuuzwa nje ya lango. Kazi hiyo ni ya wakuu wa taasisi, kwa kuwa mwanafunzi mmoja akizunguka ofisi baada ya ofisi atamaliza shahada kabla ya kumaliza foleni.

La tatu, mkopo uchukue nafasi ya zawadi. Kule Costa Rica kuna chuo cha kilimo kinachoitwa EARTH. Wanafunzi wake huunda kampuni kwa vikundi tangu mapema, chuo huwakopesha mtaji, wanaendesha biashara hiyo kwa miaka wakiwa bado wanasoma, wanalipa mkopo pamoja na riba, na faida inayobaki wanagawana. Mkopo unafundisha adabu ambayo zawadi haiwezi kuifundisha. Unakulazimu kuandika kila shilingi, kujua mteja gani analipa na nani anakopa bila kulipa, na kugombana na mwenzako mapema mkiwa na elfu ishirini badala ya kugombana mkiwa na milioni mbili. Na pesa zikirudi, kikundi kinachofuata kinazikuta.

La nne, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote, msaada usikome siku ya mahafali. Biashara ya mwanafunzi huanza kuitwa biashara siku anapoacha kula chakula cha bwenini. Siku hiyo ndiyo tunayomwambia arudishe kitambulisho. Vyuo vyetu vimpe mhitimu mwenye biashara hai miaka miwili zaidi: dawati, mitambo, mshauri wa hesabu na wa sheria, na barua ya kumtambulisha kwa wanunuzi. Na ripoti za mipango hii ziache kuhesabu waliohudhuria warsha. Zihesabu biashara zilizo hai baada ya miaka mitatu, na watu wangapi zimewaajiri.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Jiji hili limezungukwa na maziwa, viazi, ngano, pareto, maua na mvuke wa ardhini wa Olkaria na Menengai. Lina Egerton, Kabarak, matawi ya vyuo vingine na vyuo vya ufundi. Wenye viwanda wako hapa, wakulima wako hapa, wanafunzi wako hapa. Kinachokosekana ni watu hao kukaa meza moja na kuulizana: wewe unanunua nini, na huyu anaweza kukutengenezea kipi?

Kwenu wanafunzi, nina neno la mzazi. Wahenga walisema biashara asubuhi na jioni mahesabu. Kabla ya kuandika mpango wa kurasa thelathini, mtafuteni mtu mmoja anayeweza kutoa pesa mfukoni kwa kile mnachotaka kutengeneza. Mkimpata, muulizeni kwa nini amenunua. Msiporidhika na jibu, rudini mkarekebishe. Na msione haya kuanza na mayai na sukuma wiki. Waliojenga maduka makubwa ya nchi hii nao walianza na maduka madogo.

Kwenu wazazi, mtoto akirudi nyumbani akasema anataka kuendesha biashara badala ya kutafuta kazi ya ofisi, msimwambie kwamba ada yenu imepotea. Muulizeni ana wateja wangapi na ana deni gani. Akiwa na majibu, mpeni pembe ya shamba, mpeni kile chumba cha nyuma, mpeni muda. Hicho ndicho alichopata kila aliyefanikiwa kabla yake.

Na kwenu wakuu wa vyuo, wahadhiri, na nyinyi mlio katika serikali ya kaunti, hamjakosa vipaji wala mawazo. Mnao vijana wanaojua kazi. Mwaka huu, mtakapopanda jukwaani siku ya mahafali kusoma idadi ya waliohitimu, tusomeeni na hesabu moja zaidi: mmenunua bidhaa za kiasi gani kutoka kwa wanafunzi wenu, na mmewalipa baada ya siku ngapi? Sisi wazazi na walipa kodi tutakuwa tumeketi pale chini ya mahema, na tutaisikiliza hesabu hiyo kwa makini.